Ngozi ya Ndama

Mimi na mbung'o ugomvi wetu ni wa zamani. Nilipokuwa darasa la tano, ng'ombe wetu mwekundu pale Kansay alizaa, na ndama akafa kabla hajajua kula majani. Ukame ulikuwa umetubana, tukawashusha ng'ombe malisho ya chini upande wa Ziwa Eyasi, na huko mbung'o wamejaa. Bwana mifugo alisema ni nagana, ugonjwa wa vijidudu ambavyo inzi huyo huviacha kwenye damu. Nililia mpaka mama akanikemea, "Wee, basi! Hata mama yake hajalia hivyo."

Kumbe mama yake alikuwa amegoma kukamuliwa. Ng'ombe wetu wa kienyeji ndivyo walivyo, ndama asiponyonya kwanza hawashushi maziwa. Mama akaijaza ngozi ya yule ndama majani makavu, akainyunyizia chumvi, akamsogezea. Ng'ombe akailamba, akainusa, akashusha. Nilikasirika, nikamwambia mama anamdanganya mfiwa. Akacheka tu, akaendelea kukamua.

Sasa nafanya kazi maabara, nchi ya mbali yenye baridi isiyo na adabu, na kazi yangu ni kijidudu kilekile. Kikiwa kwenye damu kinaishi kwa sukari. Kuna kimeng'enya chake, yaani protini ya kuchakata, kinachoipokea: kina mapande mawili na bonde katikati. Sukari ikiingia bondeni, mapande yanajifunga, kimeng'enya kinaivua chembe ya haidrojeni na papo hapo fosfati inapachikwa mahali pake. Kisha kinafunguka, sukari inatoka, tayari kugeuzwa nguvu. Ukizuia hapo, kijidudu kinakufa njaa karamuni. Sisi tunaunda sukari ya bandia, inafanana na ya kweli ila haina mahali pa kupachika fosfati. Kimeng'enya kinaikumbatia, kinajifunga, halafu hakuna kinachotokea. Shida ni kwamba ng'ombe naye anacho kimeng'enya cha jamii hiyo, na dawa isiyojua kuchagua ni sumu. Hapo ndipo miaka yangu imekwama.

Jumapili moja wifi yangu alimshikia mama simu ya video, nami, nikiwa maabara hata siku hiyo, nikamweleza kazi yangu. Nikamwambia, ni kama ile ngozi ya ndama, mama. Uso wake ukaganda kwenye kioo. Nikadhani mtandao umekata, si unaujua mtandao wa kwetu. Kumbe ananitazama.

"Na wewe humu kwenye simu," akasema, "ni nini?"

Jamani! Nilijifungia chooni pale maabara nikalia kama siku ile ya ndama. Nilimtamani mama, na harufu ya moshi kwenye kitenge chake, na hata vumbi jekundu la Karatu ambalo nilikuwa nalitukana nikiwa mwanafunzi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Wa mzazi je?

Desemba nikaomba likizo, nikaenda. Mama hakunisalimu. Alinishika kichwa, akaninusa shingoni, akakunja uso. "Unanuka duka," akasema. Basi nikavaa sweta langu kuukuu, nikakaa jikoni, nikakamua, nikabeba kuni. Wiki zikapita nikinuka moshi na maziwa kama mtu wa kwao. Siku ya kurudi hakuna aliyeitaja. Mimi nilitaka mama anizuie. Akinizuia, nilijua nitabaki.

Asubuhi ya safari gari likiwa linangoja, nilichukua lile sweta ili nikaliloweke. Mama akanishika mkono.

"Usilifue. Niachie."

"Mama, linanuka."

"Ndiyo maana."

Nikamtazama. "Si ulinisuta mwenyewe kwa habari ya ngozi?"

"Unadhani yule ng'ombe mwekundu alikuwa hajui?" akasema, huku akilikunja sweta taratibu. "Alijua, mwanangu. Ila maziwa yalikuwa yamemjaa."

Nikamwachia.