Skrubu ya Mama Pacha

Fundi alipewa jina la Hakika kwa sababu si mtu wa kubahatisha. Hafungui nati mpaka awe na hakika, na uongo, mwenyewe husema, humletea chafya. Sasa asubuhi hiyo, akiwa amechutama ubavuni mwa trekta ndogo ya Baba Pacha, mume wa shangazi yake, alikuwa ameshapiga chafya nne.

"Vumbi," alisema.

"Vumbi gani, na trekta nimeiosha jana?"

Baba Pacha alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, jicho halibanduki. "Ukikanyaga mafuta, inafikiria kwanza. Ikishafikiria, inakataa. Juzi kuku amenipita, Hakika. Kuku! Tena mwenye vifaranga." Jembe halivutiki, mvua ziko mlangoni, na shamba lote bado nyasi. "Leo usipoupata huu ugonjwa, kesho namwita yule fundi wa ng'ambo ya mto."

Hakika aliinamia injini asimtazame. Ugonjwa aliujua, maana aliuleta yeye! Miezi mitatu nyuma trekta ilipinduka mtelemkoni, Baba Pacha akatoka na mkono uliovunjika na mdomo mzima, akiapa kwamba mkono ukipona atapita palepale, tena mbio zaidi. Ndipo shangazi, Mama Pacha, alipomvuta mpwa wake nyuma ya banda. "Ipunguze pumzi, mwanangu. Na akijua, mimi na wewe tumekwisha." Hakika akaikaza ile skrubu ya kwenye pampu ya dizeli inayozuia akseleta isifunguke yote. Mizunguko miwili tu. Fundi wa ng'ambo angeiona kabla chai yake haijapoa, kisha angetangaza kijiji kizima.

Basi akaanza maigizo. Alifungua chujio la hewa, akalikung'uta. Akabadilisha chujio la dizeli, na lenyewe jipya. Akatoa hewa kwenye mipira ya dizeli, hewa yenyewe haimo. Akautia grisi waya wa akseleta uliokuwa ukiteleza kama kambare. Kila hatua Baba Pacha aliuliza, "Ndiyo yenyewe hiyo?" na Hakika akajibu, "Huenda," neno ambalo hajawahi kumwambia mteja tangu aanze kazi. Na huko kwenye kamba, shangazi alikuwa akianua nguo ambazo bado mbichi.

Vyuma vilipokwisha vya kusingizia, akainama kwenye skrubu. Lo! Aliiacha mizunguko miwili, sasa imezama mitano, na kichwa chake kimekwaruzwa na ncha ya kisu cha jikoni. Akageuka. Shangazi akajificha nyuma ya shuka.

"Afadhali umefika," alisema Baba Pacha. "Nilidhani utafungua mpaka matairi."

Hakika aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Ulijua, Mzee?"

"Miaka ishirini naiendesha, nisijue imekabwa koo, tena mara mbili? Njia ya mwongo fupi, mwanangu."

"Mbona hukuilegeza mwenyewe?"

Baba Pacha aliitazama ile kamba ya nguo, akashusha sauti. "Siku ile chuma kimenilalia, alikuja mbio akiniita jina langu. Jina langu, si Baba Pacha. Mara ya mwisho kuniita hivyo tulikuwa wachumba. Mtu ameogopa kiasi hicho, mimi nichukue bisibisi nimdhihaki?" Akasimama, akajipangusa. "Lakini shamba lazima lilimwe. Mizunguko aliyoongeza yeye, rudisha. Yako iache."

Hakika alirudisha mitatu, akakaza nati. Trekta ikawaka na kuitika vizuri. Shangazi akaja, nguo mbichi begani.

"Kumbe ilikuwa nini?"

"Uchafu kwenye chujio, Shangazi," alisema Hakika, akapiga chafya ya tano.

Shangazi alimtazama, akamtazama na mumewe aliyekwisha kupanda kitini, mguu tayari juu ya akseleta. Akasogea mpaka kwenye gurudumu.

"Pale mtelemkoni uende polepole," alisema, kisha akamwita jina lake.

Baba Pacha aliuinua mguu kwenye akseleta. Akatoka uwanjani kwa mwendo ambao kuku, na vifaranga wake, wangempita tena.