Mama Alifumba Macho Ndovu Wakipita

"Mbona mama yako amelala?"

Mwalimu aliniuliza hivyo mbele ya darasa zima, ameinua picha niliyokuja nayo kutoka likizo. Nilikuwa na miaka tisa, shuleni Malvern, huku Canada, katika chumba kilichonuka soksi mbichi na rangi za maji. Kwenye picha ile, ambayo sasa iko mbele yangu ninapoandika, Mama ameketi kiti cha mbele cha gari la wazi, mkebe wa mahamri mapajani, uso ameuinua kidogo, macho ameyafumba. Nyuma yake, karibu kiasi cha kuhesabu mikunjo ya ngozi, ndovu wanapita.

Nikasema lililonijia: "Alichoka. Alilala." Darasa likacheka, nami nikacheka nalo. Jioni nikamsimulia Mama kama kichekesho. Akainuka akaenda kuvaa viatu vya kazi.

Ulikuwa uongo rahisi kuamini. Tangu nimjue, Mama amekuwa mtu wa kuchoka. Anauguza wazee katika makao yao, anarudi na basi la asubuhi wakati wenzake wanakwenda kazini, kisha analoweka miguu kwenye beseni la maji moto na chumvi. Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Kwa nini tunasali kabla ya kula, mbona si baada ya kuona kama chakula ni kizuri? Yeye ananisemesha kwa Kiswahili, mimi namjibu kwa Kiingereza, na mara nyingi sote wawili tulikuwa tumechoka kabla ya kufika mwisho wa sentensi.

Rafiki yake mkubwa ni Anti Rehema, aliyesoma naye uuguzi Mombasa. Anti aliolewa Kasane, kaskazini mwa Botswana, mji ambao ndovu huvuka barabara kama watu waendao dukani. Kila mwaka alituita, na kila mwaka Mama alikuwa na sababu. Mwaka ule akakubali. Ndege tatu, siku mbili.

"Shoga, Canada imekukausha," Anti alimwambia uwanjani, akimgeuzageuza kama kanga anayotaka kuinunua. "Huko mnakula barafu?"

"Tunakula zamu," Mama akasema.

Mume wa Anti, Kabelo, alikuwa dereva wa watalii. Alizungumza Kiingereza; maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili. Alasiri ya pili alitupakia sote akatupeleka mbugani, na njia nzima alimtania Mama. "Nyinyi Wakenya mnazaliwa ndovu wakiwa mlangoni. Mimi nitakuonyesha nini kipya?" Mama, ambaye kwa kawaida hujibu utani kwa utani, aliukumbatia mkebe wake tu.

Tulikuta kundi likiteremka kwenda mtoni. Mama akamwomba Kabelo azime gari.

"Wakitembea, wanasikika?"

"Akivunja tawi utamsikia. Akitembea tu, husikii kitu."

"Hata mtu akiwa macho?"

"Hata akiwa macho, mama."

"Na wakiwa karibu? Karibu kabisa?"

Nilitaka kujificha chini ya kiti. Swali moja mara tatu. Ningeuliza hivyo mimi, ningeambiwa nina mdomo. Kabelo akacheka. "Jaribu mwenyewe. Fumba macho, kisha uniambie wamepita wangapi."

Akafumba. Ndovu wakaja, ngozi imekauka kwa vumbi, na harufu yao ya majani yaliyotafunwa ikajaa garini. Mmoja mdogo alipita akijikwaa, masikio yamemzidi ukubwa. Nikamvuta Mama mkono: "Tazama basi!" Akanisukuma taratibu bila kufumbua macho. Kwa hasira nikampiga picha, niwe na ushahidi.

"Haya," Kabelo akasema, wa mwisho alipoingia majini. "Wangapi?"

"Wawili," Mama akasema.

Walikuwa kumi na mmoja.

Nilidhani ataona aibu. Badala yake alirudia, "Kumi na mmoja," akafungua mkebe, akala mahamri matatu mfululizo kama mtu aliyetoka kufunga. Anti Rehema alimwekea mkono begani kutoka kiti cha nyuma. "Si nilikwambia hawasikiki, shoga?"

Jioni ile alimpigia Bibi simu, nyumbani Taita. Waliongea Kitaita, lugha nisiyoijua. Hayakuwa mazungumzo marefu. Kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo Anti alikuwa ameshaviosha.

Nilimkasirikia safari nzima ya kurudi. Nani hupanda ndege tatu akafumbe macho?

Bibi alifariki majira ya baridi yaliyopita. Hatukuweza kwenda. Tulikaa jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la majani ya chai, tukafuata kikao cha mazishi. Kaka yake Mama, Mjomba Mwadime, alikuwa akipanga watu wa kukesha, akamtania Mama: "Mghoi msimpe zamu. Ndovu watabeba hadi jeneza." Watu wakacheka, kicheko cha kitu kilichozoeleka.

"Sikulala, Mwadime," Mama akasema, miguu ndani ya beseni.

"Aa, dada, tunatania tu. Yalishapita hayo."

"Sikulala."

Akakata simu. Nikamuuliza, kwa Kiswahili, na maji ya beseni yakapoa akinijibu. Shamba lao lilipakana na mbuga. Mahindi yalipokaribia kukomaa, watoto walipokezana usiku kulilinda dhidi ya ndovu kwa kupiga debe. Palipopambazuka baada ya zamu yake, hapakuwa na mahindi. Mwaka ule watoto waligawiwa jamaa ili wapate kula. Yeye akaangukia Mombasa, na hakuishi tena na mama yake. Wote walisema alilala. Ile simu kutoka Kasane, alipomweleza Bibi aliyoyapata mbugani, Bibi alimjibu kwa upole kwamba alishamsamehe zamani. Mama hakuwa amepiga kuomba msamaha.

Mimi ninayedai ushahidi wa kila jambo, niliupiga picha mwenyewe, nikaupeleka darasani, nikasema alilala.

Mama alikuwa na miaka tisa. Alikaa macho hadi alfajiri, debe mapajani, na hakusikia kitu.