Bustani ya Mwenye Nyumba Niliiita Shamba Letu

Kosa ni langu, na nalisema mwanzo ili msije mkatafuta mwingine wa kulaumiwa. Si la mama yangu, si la mwenye nyumba wetu, wala si la bibi yangu, ambaye mtaa wetu hapa Kenton unadhani ana wazimu. Wanadhani hivyo kwa sababu niliwaambia mimi.

Mimi na mama tulitangulia kuja London kutoka Tanga. Tulipanga vyumba viwili vya juu kwa mjane wa Kizungu, mwenyewe anakaa chini. Mama alipata kazi ya kufua hospitalini, mimi nikapata ya kupakia biskuti kiwandani. Shule yangu ni ndogo, lakini kuandika barua napenda sana. Bibi, mamake mama, alikuwa Tanga kwa mjomba, na mjomba ndiye aliyemsomea barua zangu. Basi kila Jumapili nilikaa dirishani nikiitazama bustani ya mwenye nyumba, nikaandika.

Jamani, niliandika. Mwenye nyumba akichuma matufaha, nimechuma mimi. Akioka keki ya matufaha na harufu ikapanda ngazi mpaka kwetu, nimeoka mimi. Majani yalipogeuka mekundu na ya manjano, nikaandika kwamba shamba letu limeshavaa nguo za Idd. Bustani yenyewe ni hatua ishirini, kutoka mlangoni mpaka ukutani. Ningeandika "bustani," Bibi angeelewa. Neno "shamba" lilinijia tu, likapendeza kwenye karatasi, nikaliacha hapo.

Kwa Bibi, shamba ni Muheza. Yeye na marehemu babu walikuwa na machungwa kule, na mpaka leo hajaacha kuyataja.

Nyumba ya mjomba ilipotaifishwa, mjomba akaamua kuhamia Karachi kwa wakwe zake, akamwambia Bibi waende wote. Bibi akakataa. "Mimi nakwenda kwa mjukuu wangu, kuna shamba." Mjomba akaniandikia hayo, nami nikaisoma barua nikafurahi! Nikafikiri akifika atacheka, mambo yataisha.

Alifika katikati ya Ramadhani, baridi imeanza. Cherehani yake aliyoipenda aliiacha Tanga. Badala yake, ndani ya sanduku, alileta jembe lisilo na mpini, limefungwa kwenye kanga. Akaenda moja kwa moja dirishani.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo, Bibi."

"Mbona dogo?" Akatazama tena. "Na yule Mzungu anayefagia majani?"

"Anatutunzia."

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. "Mzungu anatulimia sisi! Babu yako angekuwa hai angekuja kwa miguu ayaone haya."

Mama akanivuta jikoni. Hakuwa akijua nilichokuwa naandika.

"Umemdanganya mama yangu akamwacha mwanawe," alininong'oneza. "Utamwambia mwenyewe, kabla ya Idd. Mimi sitii mdomo wangu."

"Nitamwambia, Mama."

"Lini?"

"Kesho."

Kesho hizo zilikuwa nyingi. Furaha ya Bibi ndiyo iliyonifunga mdomo. Alikuwa na mipango yake: siku ya Idd tutandike mkeka pale chini, tuwaalike watu wa Tanga walioko Wembley, na kabla ya hapo tusafishe mahali pa mchicha na bamia. Akalitia jembe mpini wa fagio bovu. Mimi nacheka naye, moyoni nakufa.

Jumamosi moja kabla ya Idd, mama alikuwa kazini na mwenye nyumba ametoka kwenda dukani. Alikuwa ameniruhusu oveni yake asubuhi ile, nami nilikuwa jikoni chini naoka nankhatai, biskuti zetu za sikukuu. Bibi akasema anatoka kusafisha kidogo. Nilimwona kwenye kioo cha dirisha ameshika jembe. Nikajiambia atakwangua majani tu. Ukweli ni kwamba kumzuia kungenilazimu nimweleze sababu, nami sikutaka. Nikageukia trei yangu.

Kama hujaishi nchi hizi, nikwambie: majira hayo ya baridi waridi hukatwa matawi, majani yakapukutika, kikabaki kijiti kikavu chenye miiba. Mtu wa Tanga akikiona anajua kimekufa. Bibi aling'oa mashina tisa. Aliyapanga vizuri kando ya ukuta, kama kuni.

Mwenye nyumba aliingia na kikapu chake, akachungulia nje.

"Waridi za mume wangu," alisema, taratibu tu. Mumewe ndiye aliyezipanda. Halafu sauti ikapanda. "Nani amemruhusu? Mama yako akirudi nitasema naye. Mtafute pengine."

Mtafute pengine. Tulizunguka wiki tatu kabla ya kupata mlango mmoja wa kupokea Wahindi kama sisi. Bibi naye akaingia, mikono ina udongo, anatabasamu, anangoja nimtafsirie. Maneno ya kusema yalikuwa machache: kosa langu, nilimdanganya. Kiingereza hicho nilikuwa nacho.

Nikasema, "Samahani, ni mzee. Hajui anachofanya." Na ili nieleweke vizuri, nikainua kidole nikakizungusha hapa, kando ya kichwa.

Mwenye nyumba akapoa pale pale. Akamshika Bibi mkono, akaanza kusema naye polepole kwa sauti kubwa, kama mtu anayebembeleza mtoto. Habari ya kuhama ikaisha. Bibi hakumtazama yeye. Alikuwa akikitazama kidole changu.

Tulipopanda juu alinawa mikono muda mrefu.

"Kile kidole," akasema, "kwa Kiingereza maana yake nini?"

Nikampa taulo.

"Kwa Kiswahili naijua."

Ndipo nikamweleza yote, nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Barua nilikusamehe siku ile ile dirishani. Mimi nimelima Muheza, mwanangu, shamba silijui? Nilidhani tu kale kauwanja ni ketu." Akafuta mikono. "Mwandikie mjomba wako anitumie tiketi. Watu wakiuliza, ni baridi imenishinda."

Siku ya Idd Bibi alisali, akapokea wageni ameketi kitandani, akawasifia nankhatai zangu. Mwezi uliofuata akaenda zake Karachi. Mama mpaka leo anaamini ni baridi. Mwenye nyumba, aliyekwisha kuwahadithia majirani, tukikutana kwenye ngazi huniuliza kwa huruma, "Maskini bibi yako, wanamwangalia vizuri huko?" Nami hujibu ndiyo.

Wenzangu mnaowangoja wazee wenu, nawasihi. Waandikieni ngazi, waandikieni unyevu wa ukutani, waandikieni kwamba mnapika kwa zamu. Waje wakijua, au wasije. Na wewe uliyekwisha kudanganya, siku ya kukamatwa ikifika ukamatwe wewe, hata kama ni kutolewa vyombo nje. Usimtoe mzee wako mbele ili wewe upone. Mimi nilimtoa. Vyumba vyetu viwili tunavyo bado, na kimoja, alicholala Bibi, hakina mtu.