Nilivyoligawa Shamba Langu kwa Punje ya Harage

Nasema mwenyewe kwa kinywa changu, kabla hamjasimuliwa na watu wa kilabuni ambao wametia chumvi mpaka imekuwa habari nyingine kabisa: ni kweli, mimi mzee mzima, mwenye mashine ya kusaga na jozi mbili za ng'ombe wa kulimia, nilisimama mbele ya mkutano mkuu wa kijiji nikaligawa shamba langu mwenyewe, tena kwa hotuba, tena nikapigiwa makofi.

Shule niliishia darasa la tatu (mwalimu alinichapa kwa kosa la mwingine, nikaondoka, sikurudi na sijutii), lakini kila nilicho nacho nimekitafuta kwa mikono hii, kwa hiyo sikuzoea kuelekezwa na mtu. Hilo ndilo lililoniponza.

Kijiji chetu kiko njia ya kutoka Sumbawanga kwenda Msanzi, na mji unatusogelea kila mwaka. Watu wanashuka kwenye bodaboda wanaulizia viwanja, vijana wetu nao wanaoa wanataka pa kujenga, na kila mtu alikuwa anajenga anapotaka, huyu kaziba njia ya ng'ombe, yule kaweka choo juu ya chemchemi. Halmashauri ikatuletea mtaalamu wa ardhi, binti mmoja mpole, Bi Neema, ili tukae wenyewe tupange mpango wa matumizi bora ya ardhi: wapi tulime, wapi tulishe, wapi tujenge.

Ubishi ulikuwa mmoja tu, makazi mapya yaende wapi. Palikuwa na sehemu mbili. Moja iko juu, kando ya barabara, shamba la mwanakijiji mwenzangu Kamili, ambalo ukipiga jembe linaruka cheche kwa mawe. Ya pili ni bondeni kando ya mto, shamba langu. Hapo bondeni nilianza na nyasi tupu, nikapiga ntumba mwaka hadi mwaka, yale matuta yetu Wafipa ya kufukia nyasi chini ya udongo zioze zenyewe, unapanda maharage, mwaka wa pili unasambaza matuta unapanda ulezi, mpaka udongo umekuwa mweusi kama masizi. Watoto wangu wote wamesomeshwa na shamba hilo. Ukiniondolea shamba lile, mashine na ng'ombe ni mapambo tu.

Kamili alikuwa anasema waziwazi nyumba ziende bondeni karibu na maji. Na mimi nikafanya kampeni yangu. Kila aliyekuja kusaga nilimwambia, "Siku ya mkutano angalia naweka kura wapi, na wewe weka hapohapo. Usiulize maswali." Watu wakaitikia. (Nani abishane na mwenye mashine huku ndoo yake ya mahindi iko kwenye foleni?)

Siku ya kwanza tulichora kijiji chini, kwenye uwanja wa shule. Majivu yakawa barabara na mto, magunzi yakawa mashamba, mawe yakawa nyumba. Hapo nilikuwa bwana. Nilisimama naelekea barabarani kulekule barabara iliko kweli, mto uko nyuma yangu, nikawa namkosoa kila mtu, hili gunzi sogeza, hili jiwe ondoa, mpaka Bi Neema akasema kijiji kina bahati kuwa na mzee kama mimi. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Siku ya pili, ya kupitisha, Bi Neema alikuja na mchoro wetu ameuhamishia kwenye karatasi kubwa, akaitandika juu ya turubai chini ya kivuli cha darasa, na kila kaya ikapewa punje moja ya harage ya kuweka pale inapotaka makazi. Mimi nilichelewa kidogo, nilikuwa nimerudi kubadili koti. Nilipofika akanifuata.

"Shikamoo mzee. Wenzako nimeshawaeleza ramani, njoo na wewe nikueleze, dakika tano tu."

"Marahaba. Unieleze mimi? Mwanangu, nchi hii nimeifyeka mimi, wewe ndiye mgeni hapa."

Akarudi kwenye karatasi yake kwa heshima. Dakika tano! Ningekubali zile dakika tano leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Mwenyekiti akafungua, nikasimama wa kwanza. Nikaitazama karatasi kama nilivyoutazama uwanja jana yake: mstari mrefu wa juu, mbele yangu, ndiyo barabara, na wa chini, miguuni, ndio mto. Wa juu ulikuwa wa buluu, lakini mimi rangi nikajua ni urembo wa wasomi.

"Ndugu zangu," nikasema, "nyumba ziende hapa!" Nikaweka punje yangu chini ya ule mstari wa juu, nikaikandamiza na kidole. "Na mwenye shamba hili asije kutulilia. Maendeleo ya kijiji hayasubiri tumbo la mtu mmoja. Akibisha, mwenyekiti, andika jina lake!"

Makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Kamili, mpaka nikamhurumia, nikasema moyoni maskini, ameipokea kiume.

Wateja wangu wa mashine wakajipanga, mmoja mmoja, harage juu ya harage, hakuna aliyeuliza swali (si niliwakataza?), punje zikajaa pale kama zimemwagika kutoka kwenye ungo. Ikafika zamu ya mke wangu. Kaya yetu ilishaweka, lakini alikuwa ameshika punje ya mama yake, bibi mzee aliyebaki nyumbani. Akasimama hapo, haweki.

"Mama Desderi, weka, watu wanasubiri."

"Siweki."

"Unaniaibisha mbele za watu."

"Baba Desderi, mbona umeshajiaibisha mwenyewe? Hilo ni shamba letu la mtoni."

Jamani. Nilicheka, peke yangu. Nikamtazama Bi Neema anisaidie, akainamisha macho. "Mzee, huu wa buluu ndio mto. Barabara ni ile nyekundu, iko miguuni kwako. Karatasi tuliigeuza kufuata kivuli, ndiyo maana nilitaka kukueleza."

Kicheko kilichopigwa siku ile sijakisikia hata harusini. Mama mmoja muuza pombe akawa anajifuta machozi: "Sisi tulidhani umejitolea, baba! Mimi nilitaka kukuimbia!"

Na mwenyekiti, mtu mbaya sana yule, akainua kalamu. "Jina la mwenye shamba nimeshaandika, mzee, kama ulivyoagiza. Tuendelee?"

Nitawaambia ukweli ambao Mama Desderi peke yake anaujua. Kwa muda kidogo nilitaka kusema ndiyo, nimejitolea. Ningekuwa shujaa, mtaa ungeitwa kwa jina langu. Kulipoteza shamba kuliniuma kidogo kuliko kusema sijui. Kisha nikaona ile punje bado iko kwenye vidole vyake, vidole vilivyopiga ntumba zile pamoja na vyangu.

"Sikujua kuisoma karatasi," nikasema. "Basi. Chekeni."

Hawakucheka. Mzee mmoja nyuma akasema, "Hata mimi. Niliweka ulipoweka." Mwingine akanyoosha mkono, na mwingine. Bi Neema akazikusanya punje zote akazirudisha kwenye kopo. Akasema watu hawawezi kupitisha wasichokijua, na kama karatasi inatuchanganya twende kwa miguu.

Tukaenda, mkutano mzima. Bondeni Bi Neema alichimba kwa jembe, watu wakaupokea ule udongo mweusi mkononi, hakuna aliyesema tujenge hapo. Juu barabarani jembe likalia kwenye mawe, na wote wakasema nyumba ni huku. Hapo Kamili akafoka, "Na mimi nilime wapi? Juu ya mabati ya watu?"

Alikuwa na haki, na mimi kwenye kampeni yangu yote sikuwahi kujiuliza hilo. Nikamwambia mbele ya wote achukue kipande cha juu cha shamba langu, kuanzia kwenye mfereji. Akanitazama sana. "Safari hii una hakika ni lako?"

"Ni langu. Nimesimama juu yake asubuhi ya leo."

Mkutano ukapitisha, mhuri ukagongwa, nyumba zinapanda barabarani, na bondeni hapajengwi. Mimi naitwa Mzee Makazi mpaka kanisani, na naitika.

Lakini nimeapa: karatasi yoyote ikitandikwa mbele yangu, siigusi mpaka nielezwe. Juzi wametuletea ramani ya mahali pa zahanati. Nikanyoosha mkono kabla ya salamu kuisha, nikasema, "Bi Neema, anza mwanzo, taratibu, mto ni upi?" Akaanza mwanzo. Na wazee wenzangu wote, waliokuwa wamekaa nyuma wakitingisha vichwa kama wanaelewa, wakavuta viti mbele.