Maharage Yasiyoiva Mwembesongo

Safari hii niliporudi Morogoro nikitokea Singida, nilimkuta shangazi yangu ameinamia jiko la mkaa uani kwake Mwembesongo. Alikuwa anachota harage moja kwa mwiko, analibonyeza, analirudisha sufuriani. Tangu nikiwa sekondari nimemjua kwa maharage yake ya nazi. Watu wa mtaa walikuja na bakuli asubuhi, wakala na chapati, na jua likipanda sufuria ilikuwa tupu. Sasa mkaa ulikuwa unateketea na maharage bado yanagonga kama kokoto. Wateja wameanza kwenda kwa jirani wa vitumbua, na yeye alikuwa anawaza kufunga biashara.

Mwenye kosa alikwishampata. Ni mama mmoja wa Kinole aliyemshushia maharage kutoka mlimani miaka yote hiyo, pamoja na ndizi na mdalasini. Shangazi alisema ameuziwa mavuno ya zamani, yaliyokaukia ghalani. Tabu ni kwamba shangazi ni Mzigua na yule mama ni Mluguru, yaani watani, na kwetu mtani anaweza kukuambia lolote nawe hununi. Shangazi alipomwambia, "Nyie mmezoea kukanyaga mawe mpaka mnayavuna," mwenzake alicheka hadi akashika ukuta. Akamjibu kwamba maharage hayana kosa, meno ya Kizigua ndiyo yamekwisha. Kadiri shangazi alivyozidi kumsema, ndivyo yule mama alivyozidi kufurahi.

"Nifanye nini na mtu asiyetukanika?" shangazi aliniuliza.

Alichofanya ni kununua gunia kwa mfanyabiashara wa Dumila. Yule mama alipokuja na mzigo wake, akalikuta lile gunia uani. Nilikuwepo, nimemwamkia tu na yeye amenijibu marahaba. Alilitazama gunia, akamtazama shangazi, na uso wake ukabadilika.

"Kumbe ulikuwa husemi utani," alisema.

Akajitwika mzigo wake akaondoka bila kuaga. Shangazi alijifanya anachochea mkaa. Siku ile hakula mchana, akasema ni joto.

Maharage ya Dumila nayo hayakuiva.

Mimi nilikuwa nimefika na nia ya kukaa siku chache, kisha niendelee na safari zangu. Kukaa mahali pamoja hunichosha, ingawa nikiwa mbali naota Morogoro tu. Jioni ile nilikuwa bafuni najipaka sabuni na povu halitoki. Nikasugua, ikabaki inanata mwilini kama utomvu. Nikaijua hali ile. Singida nilikokuwa, maji ya kisima yalikuwa hivyohivyo. Birika lilifanya gamba jeupe ndani, na akina mama wa kule walinicheka nilipotaka kuchemsha kunde kwa maji hayo, wakisema hazitaiva.

Nikatoka na taulo, nikafungua birika la shangazi. Gamba lilikuwepo. Nikamuuliza jirani, akaniambia tangu kiangazi kilichopita bomba la upande wetu linaleta maji ya kisima kirefu, si yale ya mlimani. Hakuna aliyelalamika kwa kuwa yalikuwa safi, hata masika hayana tope.

Shangazi hakuniamini. Maji ni maji, alisema. Asubuhi nikachukua baiskeli na dumu nikaenda kwa ndugu wanaokaa chini kabisa ya mlima, ambako bomba bado huleta maji ya Uluguru. Tukabandika maharage yaleyale kwenye sufuria mbili, moja maji ya kwetu, moja maji ya mlima. Kabla ya adhuhuri sufuria ya mlima ilikuwa inatoa harufu ile niliyokuwa naikumbuka nikiwa njiani usiku. Shangazi alibonyeza harage likapondeka. Akashusha pumzi ndefu, akakaa kwenye kigoda. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Na yule mwanamke nitamwambia nini?"

Kesho yake akapika mengine kwa maji ya mlima, akatia nazi, akajaza hotipoti, tukaenda sokoni ambako yule mama alikuwa amepanga viungo vyake. Hakuinua macho. Shangazi akaweka hotipoti mbele yake, akamweleza habari ya maji tangu mwanzo.

"Nilikusingizia," alimaliza. "Na hili nalo si utani."

Yule mama akawa anapanga upya mdalasini uliokwishapangika. Mwishowe akafunua, akachota kwa kidole, akatafuna polepole huku anatazama pembeni.

"Bomba lenu lina chumvi," alisema, "na bado Mzigua unapika chapwa."

Akafunika hotipoti, akaisukuma chini ya meza, akakaa mbele yake. Shangazi akaidai. Yule mama akasema haijui hotipoti yoyote, labda shangazi aliisahau kwao Turiani. Wauzaji wa jirani walikuwa wameshaanza kucheka, na shangazi akawaita wote mashahidi kwamba ameibiwa mchana kweupe na mwizi wa mlimani. Sikumbuki lini nilimsikia akipaza sauti kwa raha namna ile.

Tulirudi mikono mitupu. Njia nzima alinisimulia uzuri wa hotipoti ile, jinsi inavyoshika moto hadi jioni, na kwamba Waluguru ni watu wa kuchungwa. Alipofika nyumbani alikuwa bado anaisimulia, sasa kwa yule jirani wa vitumbua.