Maji Hayajaiva

Bi Vipimo alifanya kazi maabara miaka ishirini na tisa, na katika miaka hiyo hakubadilisha jibu la mtu hata mara moja. Walimlilia, walimnunia, bosi mmoja nusura ampigie magoti ili sukari yake ishushwe kidogo kwenye karatasi, mkewe asije akamnyima keki. Wapi! Kilichoandikwa kimeandikwa. Jina lile la utani alipewa kwa heshima, akastaafu nalo.

Sasa mtu wa namna hiyo akianza kusema uongo, ujue kuna kabati nyuma yake.

Kabati lenyewe lilikuwa la jikoni. Mumewe, seremala anayesifiwa mtaa mzima, alilitengeneza walipohamia, akasema milango ataitia wiki ijayo. Wiki hiyo ilikuwa imetimiza miaka kumi na mitatu. Mganga hajigangi, tunajua, lakini huyu alizidi. Mlango wa bafu ulifungwa kwa kamba ya kiatu, rafu ya sebuleni iliinama kama mlevi, na kitanda chao kilisimama kwa miguu mitatu na tofali.

Basi seremala huyo akapata wazimu wa samaki. Si samaki hivi hivi. Samaki wa Bahari ya Shamu tu. Alinunua kitabu kikubwa cha picha mnadani, na kila kitu kilitakiwa kifanane nacho: mchanga mweupe, mawe yaliyopandiana mpaka juu, maji ya chumvi kali kuliko ya bahari nyingine. Meza ya kubeba tangi la vioo aliimaliza kwa siku mbili, na ilikuwa na milango. Bi Vipimo aliifungua na kuifunga milango ile mara nne, roho ikimuuma.

Tatizo ni kwamba tangi la maji ya chumvi halitiwi samaki siku hiyo hiyo. Unatia maji, chumvi na mawe, unatupia kamba wawili wabichi waoze humo, kisha unangoja. Uozo unatoa sumu, halafu vijidudu visivyoonekana vinazaliana mawemawe na kuila ile sumu. Kila baada ya siku chache unachota maji kwenye kichupa, unadondoshea dawa, unaangalia rangi. Kijani, sumu ingalipo. Njano, imekwisha, lete samaki. Na seremala rangi hizo hafifu zilimshinda. Aliwahi kupaka kijani mlango wa mteja aliyeagiza hudhurungi, akasimama kuusifia. Kwa hiyo kupima kukawa kazi ya mkewe.

Kungoja kulimtesa yule mwanamume. Alizunguka sebule na bisibisi mkononi, asijue pa kuitia, mpaka siku moja mikono ikamwasha akafunga komeo kwenye mlango wa bafu. Bi Vipimo aliliona, akaitupa ile kamba ya kiatu.

Wiki ya tano maji yakatoka njano safi. Mumewe alikuwa nyuma yake, anahema kama anayengoja matokeo ya mtihani.

"Vipi?"

Mwanamke akainua kichupa kwenye mwanga. Huko mbele, mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na sahani zote kabatini zilikuwa zinamtazama.

"Bado," akasema. "Kijani."

Akakimwaga kichupa upesi. Kesho yake kabati lilikuwa na mlango mmoja.

Baada ya hapo ikawa raha tupu. Kijani, kabati likapata mlango wa pili. Kijani tena, rafu ikasimama wima. Seremala akilalamika, mkewe alimjibu kwa sauti ya huruma, "Subira yavuta heri, mume wangu," kisha akaingia chumbani kuchekea ndani ya mto.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Wifi yake, dada wa seremala, akaja kuwasalimu siku ya kupima. Akakiangalia kichupa, akamwangalia Bi Vipimo, akakiangalia tena.

"Wifi," alimnong'oneza walipokuwa jikoni, "ile si njano?"

"Sema polepole, tafadhali."

Wifi akaipapasa milango mipya ya kabati, akaelewa yote. "Dirisha langu mimi halifungi, mwaka wa pili huu."

Jumamosi seremala akatumwa kwa dada yake, eti akapunguze mawazo.

Kikabaki kitanda. Kilipopata mguu wa nne, wiki kumi kamili tangu maji yatiwe, Bi Vipimo akatangaza njano. Mumewe hakutaka hata kuonyeshwa. "Ukisema wewe, imetosha," akasema, akatoka mbio na ndoo.

Alirudi na samaki wawili wapana, njano mwili mzima, wenye kiraka cha buluu shavuni. Alipokwisha kuwazoesha maji na kuwaachia, akavuta kigoda mbele ya tangi, akatulia kwa namna ambayo mkewe hakuwahi kuiona.

"Hivi kwa nini Bahari ya Shamu?" Bi Vipimo akamuuliza. Muda wote ule hakuwahi kuuliza.

"Pale mnadani vilikuwepo vitabu vya bahari nyingine. Nikavifungua. Samaki wengi kwangu mimi ni tope tu. Watu wanasema wekundu, wanasema kijani, mimi naona tope. Lakini hawa..." Akagusa kioo. "Njano yao naiona. Na hiyo buluu. Nawaona kama unavyowaona wewe."

Bi Vipimo alihisi aibu ikimpanda kuanzia miguuni. Wiki tano alimchelewesha mtu huyu kuona. Akaketi sakafuni, akaungama yote: kichupa, kabati, rafu, hata dirisha la wifi.

Seremala hakugeuka. Alingoja samaki wake wamalize kulizunguka jiwe, ndipo akaenda jikoni. Bisibisi ikasikika. Akapita na mlango mmoja wa kabati kwapani, akausukuma chini ya kitanda.

"Utaurudisha lini?" mkewe akauliza, ingawa alikwisha kujua.

"Wiki tano."

Na kwa wiki tano Bi Vipimo alisuuza vumbi kwenye sahani kila asubuhi, kisha akavuta kigoda cha pili na kukaa karibu na mumewe, bila kunung'unika hata siku moja.