Miaka miwili nilikaa chuo bila kusikia kipindi, nikiogopa watanitoa kwenye ualimu

Wakuu, habari za humu. Hii sijatunga wala sijasimuliwa, imenikuta mimi mwenyewe hapa Mwanza, pande za Nyegezi. Naandika nimechoka, kwa hiyo mtanivumilia.

Mimi ni mtoto wa Ukerewe, nasomea ualimu. Nikiwa darasa la sita niliugua malaria kali, nikatundikiwa dripu za kwinini, nikapona. Ila sikio la kushoto halikurudi, na la kulia linasikia kwa kubahatisha. Mtu akiniangalia usoni tunaongea vizuri tu. Akigeuka, kwisha habari.

Sekondari walimu waliandika kila kitu ubaoni, nikapenya.

Chuo sasa! Ukumbi umejaa mpaka madirishani, feni zinanguruma, mwalimu anaongea huku kageukia slaidi. Mwanzoni nilikaa mbele, nakodolea macho midomo yake. Siku moja akaninyooshea kidole nijibu swali. Sikuwa nimelisikia. Nikabaki nimesimama, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kuanzia hapo nikahamia nyuma kabisa.

Mtauliza kwa nini sikusema. Jamani, mwalimu asiyesikia nani atampa darasa? Niliamini wakijua tu, wananitoa kwenye kozi. Na kule nyumbani mzee wangu, mvuvi tangu ujana, watu wameshaanza kumwita baba mwalimu hata cheti sijapata. Ningerudi na nini?

Basi nikawa nahudhuria kama kiti. Nasaini, nakaa, nasinzia, naondoka. Jioni naazima madaftari ya Deus, mshikaji tuliyepanga naye chumba. Kujifanya umeelewa kunachosha kuliko kubeba zege, na zege nimebeba.

Mwaka wa pili nikala sapu tatu. Hiyo mitihani ya marudio ukiifeli unadisko, unafunga begi. Nikaona bora niahirishe masomo mwenyewe kabla hawajanifukuza.

Barua ya kuahirisha lazima ipite kwa mshauri wa wanafunzi. Ofisi hiyo wote tunaikwepa, tunaamini wanaingia wenye kesi tu.

Nikamkuta mama wa makamo. Shikamoo, marahaba, akapokea barua, akainuka kutafuta faili kabatini. Nikasimama namsubiri. Kumbe muda wote huo alikuwa ananiuliza maswali, kanipa mgongo.

Akageuka, akaniangalia sana. Akavuta kiti akakaa mbele yangu.

"Mwanangu, wewe husikii?"

Nililia wakuu. Mwanaume mzima na ndevu zangu.

Nikamweleza yote, na kwamba najua sasa nitatolewa kwenye ualimu.

"Nani alikwambia tutakutoa?"

Nikatafuta jina la mtu nimtajie. Hakuna. Nilijiambia mwenyewe, nikaamini.

Kumbe kuna ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, mlango unaofuata pale pale. Nilikuwa napita hapo kila siku nikienda kula chapati! Barua nikaichukua, sikuahirisha tena. Wakanipeleka kupimwa masikio, wakaongea na walimu. Sasa slaidi napewa kabla ya kipindi, nakaa mbele, na anayeniuliza swali ananiangalia kwanza. Yupo mmoja bado anaongea na ukuta. Nimechoka kumkumbusha.

Sapu mbili nilitoboa. Ya tatu ikanigomea, ila wakazingatia masikio yangu, badala ya kudisko nikarudishwa nyuma mwaka mzima. Deus kavaa joho juzi, mimi ndiye niliyempiga picha. Nilimfurahia kweli, ila iliniuma. Mzee nimemtumia meseji kwamba yangu ni mwakani. Hajajibu mpaka sasa.

Nilichojifunza ni kwamba hakuna ofisi itakayokufuata kule nyuma ya ukumbi. Ukikwama, kagonge mlango mapema, ukiwa bado una nguvu ya kujieleza.

Haya, wenye ushauri na wenye kunisimanga, uwanja ni wenu. Humu angalau mnaandika, sikosi neno.